Tairi Kubwa kwenye Pikapu Iliyonyanyuliwa: Dalili, Chanzo na Tiba

Pikapu ikinyanyuliwa na kuvishwa tairi kubwa, mambo manne hubadilika kwa pamoja: kipenyo cha tairi, upana wake, ofseti ya ringi (umbali kutoka katikati ya upana wake mpaka uso unaokaa kwenye habu; ikipungua, ringi hutokeza nje), na umbali kati ya bodi na ekseli. Karibu kila lalamiko linaloletwa gereji baada ya hapo linatokana na mojawapo ya hayo manne. Taabu ni kwamba dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu, na mtu akikosea chanzo hununua kitu asichokihitaji. Visiwani hasara hiyo huuma zaidi, maana kifaa kinaagizwa Dar es Salaam, kinasubiri boti, na kikifika Wete au Chake Chake kisipofaa, kukirudisha ni gharama nyingine.

Mifano mingi hapa ni ya Toyota Hilux yenye ringi za inchi 17. Mwenye Ranger, D-Max au L200 atafuata njia ileile, ila namba za gari yake azisome kwenye kibandiko cha mlango na kitabu cha gari.

Pima kabla ya kulaumu

Namba za ubavuni mwa tairi zinatosha kujua kipenyo. Chukua 265/65R17: upana ni milimita 265, na ukuta ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Kuta mbili ni 344.5, ringi ya inchi 17 ni 431.8; jumla ni milimita 776. Kwa hesabu hiyohiyo 265/70R17 inatoka 803, na 285/70R17 inatoka 831. Kinachonyanyua gari ni nusu tu ya tofauti: milimita 13 kwa ile ya kwanza, 27 kwa ya pili.

Ofseti ndiyo inayosahauliwa sana, nayo ndiyo inayoleta kesi nyingi. Hilux za kuanzia 2005 zenye ringi ya inchi 17 zina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya +30. Ukiweka ringi ya inchi 8 yenye ofseti 0, ukingo wa nje wa ringi unatokeza milimita 36 zaidi ya zamani, na ukingo wa ndani unasogea nje milimita 24. Ndani umepata nafasi, lakini sasa tairi ikikata kona inazunguka kwenye duara kubwa zaidi, na inafika mahali ambapo ya zamani haikufika kabisa.

Halafu matundu. Hilux, Ranger na L200 nyingi zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo mtu huona ringi imeingia na kuridhika. Tundu la katikati halilingani. Habu ya Hilux inahitaji tundu la milimita 106, ya Ranger ya kuanzia 2011 ni 93.1, ya L200 ni 67.1. Ringi ya Ranger haitakaa kwenye habu ya mbele ya Hilux, na anayechonga tundu kwa grenda hapati tena duara lenye kati sahihi. Navara ya D40 ina duara la 114.3, na Land Cruiser pikapu ya kuanzia 1999 ina nati tano kwenye duara la 150. Hizo haziazimani na Hilux hata kidogo.

Kwa kazi za kawaida za Unguja na Pemba, Hilux iliyonyanyuliwa milimita 40 hadi 50 inatosheka na 265/70R17 kwenye ringi zake za asili. Inapita uwandani kwenye mawe, inapita tope la masika, na haihitaji kukatwa kitu. 285/70R17 inawezekana, lakini ukiichagua ujue umechagua pia kazi ya kukata plastiki, kupanga upya pembe za tairi (alaimenti) na kuangalia breki. Mengi ya yafuatayo ni ya aliyechagua hiyo.

Tairi inagusa

Kwanza jua inagusa wapi na lini. Safisha ndani ya madigadi, paka chaki nyeupe kwenye mabega ya tairi za mbele, endesha polepole ukikata usukani mpaka mwisho kila upande, mbele na kinyumenyume. Chaki itakuonyesha alama yenyewe. Kugusa kwa namna tatu kuna vyanzo vitatu tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Ikigusa kwenye kona tu, gari ikiwa imetulia, tatizo ni upana au ofseti. Hugusa zaidi nyuma ya tairi ya mbele, kwenye plastiki ya ndani au kwenye mshono wa bati karibu na mlango, na mara nyingine mbele kwenye pembe ya bampa. Ikigusa chesesi au amu kwa upande wa ndani, ringi imeingia ndani mno na ofseti inatakiwa ipungue kidogo. Ikigusa nje na nyuma, ofseti imeshapungua kupita kiasi. Hapo kurudi kwenye ofseti ya +15 au +20 mara nyingi kunamaliza kazi bila msumeno. Dawa ya pili ni alaimenti: bolti za kamu za amu ya chini (zile za kurekebishia pembe) zikirekebishwa ili tairi isogee mbele milimita 5 hadi 10, nafasi ya nyuma inaongezeka na kasta (mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia) nayo inaongezeka, jambo ambalo gari iliyonyanyuliwa inalihitaji vilevile. Ya tatu ni kukunja plastiki: ipashe joto kwa bunduki ya hewa moto, isukume nyuma, ikaze kwa skrubu mpya. Mshono wa bati unaweza kulazwa kwa nyundo, lakini usiache bati tupu. Papohapo paka praima, rangi, na silanti juu yake. Chumvi ya hewa ya huku ikiukuta mshono uliopasuka rangi, kutu inaingia ndani ya nguzo ya mlango ambako jicho halifiki.

Ikigusa kwenye matuta na mashimo tu, njia ikiwa imenyooka, usinunue springi ndefu zaidi. Hili halieleweki kirahisi, kwa hiyo tulieleze vizuri. Kunyanyua gari kunaongeza nafasi gari ikiwa imesimama. Springi ikibanwa mpaka mwisho, amu inagota kwenye mpira wake wa kugotea palepale ilipogota siku zote, na tairi iliyo kubwa kwa milimita 27 inaingia madigadi milimita 27 zaidi ya tairi ya zamani. Kwa hiyo ukinyanyua sana inagusa mara chache zaidi, lakini siku ikigusa inagusa kwa nguvu ileile. Kinachotibu ni mpira wa kugotea mrefu zaidi, au springi yenye nguvu inayolingana na mzigo, au tairi ndogo.

Kupima hali hiyo bila kwenda kutafuta mashimo, weka tairi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto juu ya vigogo imara vya sentimita 25 hadi 30, zile nyingine zibaki chini, breki ya mkono ikiwa imevutwa na zilizo chini zimewekewa mawe. Gari ikiwa imepinda hivyo, kata usukani polepole upande mmoja mpaka mwingine, huku mtu wa pili akiangalia kwa tochi akiwa nje ya gari. Kisha geuza: mbele kushoto, nyuma kulia. Mtu asiingize mkono kati ya tairi na bati injini ikiwa inawaka.

Ikigusa nyuma tu baada ya kupakia matofali, saruji au magunia ya mwani, springi za nyuma zimelegea au jani lililoongezwa halikutosha. Angalia pia kama yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zimekazwa upya baada ya kazi. Zikilegea, ekseli inasogea nyuma au mbele na tairi moja inakaribia bati kuliko mwenzake. Pima kwa futi kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi pande zote mbili. Tofauti ya zaidi ya milimita 5 inahitaji maelezo.

Usukani unatetemeka

Anza na mwendo. Mtetemeko unaoanza karibu na kilomita 70 au 80 na kupungua ukizidi hapo kwa kawaida ni balansi. Unaokuwepo tangu kilomita 20 na kuongezeka ni ringi iliyopinda, tairi isiyo duara, au ringi isiyokaa katikati ya habu.

Kabla ya kurudi kwa fundi wa balansi, lala chini uangalie ndani ya ringi. Udongo mwekundu wa Pemba ukiingia ndani ya ringi wakati wa masika na kukauka upande mmoja, donge lake linatosha kutetemesha usukani mzima. Likwangue, osha, jaribu tena. Angalia pia kama risasi za balansi zimedondoka: risasi za gundi hazishiki kwenye ringi yenye vumbi au mafuta, na alama ya gundi iliyobaki itakuonyesha.

Kama ni safi, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele. Mtetemeko ukihamia kwenye kiti na sakafu, tatizo liko kwenye tairi au ringi. Ukibaki kwenye usukani, tatizo liko kwenye habu, beringi, tairodi au boljointi. Jaribio hili ni la nusu saa na linaokoa fedha nyingi.

Kujua ringi ilivyopinda, nyanyua gurudumu kwa jeki, weka stendi, funga waya mgumu kwenye jiwe au stendi nyingine ukikaribia ukingo wa ringi, kisha zungusha kwa mkono. Pengo likibadilika zaidi ya milimita 1.5, ringi hiyo haifai kwa mbele. Ikiwa ringi iko sawa lakini tairi inapanda na kushuka, toa upepo wote, zungusha tairi nusu duara juu ya ringi, jaza upya na balansi upya. Mara nyingi kasoro ndogo ya tairi na kasoro ndogo ya ringi zinafutana.

Nati zisizo sahihi ni chanzo kingine kisichoonekana. Baadhi ya ringi za aloi za Toyota zinatumia nati zenye shingo na washa bapa, wakati ringi za chuma na nyingi za dukani zinataka nati za koni. Nati bapa kwenye tundu la koni haivuti ringi katikati. Inakaza, lakini ringi inakaa pembeni kwa milimita moja au mbili, na balansi yoyote haitasaidia kwa sababu mashine ya balansi iliikamata ringi katikati na habu haikuikamata.

Land Cruiser pikapu ni habari nyingine, kwa kuwa mbele ina ekseli nzima. Hapo kuna mtetemeko wa hatari: unagonga shimo kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70, ghafla usukani unarusha mikono na hautulii mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Tairi nzito hufichua ulegevu uliokuwepo. Kagua kwa mpangilio huu: bushi za fimbo ya kuvuka inayoshika ekseli pembeni na matundu ya bolti zake, kama yamekuwa mviringo wa yai, beringi za nako (kiungo ambacho tairi hugeukia) za juu na chini, tairodi zote, kisha kasta. Mtu mmoja atikise usukani injini ikiwaka na tairi zikiwa chini, mwingine aangalie kila kiungo. Kiungo kinachocheza kabla tairi haijageuka ndicho mgonjwa. Dampa mpya ya stelingi itanyamazisha dalili kwa miezi michache huku tundu likiendelea kupanuka, na siyo tiba.

Gari inavuta upande, au inatangatanga barabarani

Upepo kwanza. Pima tairi zote asubuhi kabla ya kutembea. Tofauti ya PSI 5 kati ya kulia na kushoto kwa mbele inatosha kuvuta gari. Ukiwa umezilinganisha na bado inavuta, badilisha tairi za mbele kulia kwa kushoto, mradi hazina mshale wa mwelekeo. Ikigeuka ikavuta upande mwingine, ni tairi. Isipogeuka, shika habu baada ya safari fupi: moja ikiwa ya moto mno kuliko mwenzake, breki ya upande huo inashika.

Kutangatanga ni tofauti na kuvuta. Gari haiendi upande mmoja, ila inahitaji kurekebishwa kila sekunde, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Hiyo ni kasta iliyopungua. Kunyanyua mbele kwa milimita 50 kunaweza kuondoa nusu digrii mpaka digrii nzima, na tairi pana zinafanya upungufu huo usikike zaidi. Lenga digrii 3 hadi 4 kwa Hilux, na mbele ya tairi ziwe zimeangaliana ndani kwa milimita 0 hadi 2. Alaimenti ifanyike baada ya springi kukaa, yaani baada ya kilomita mia chache, na siyo siku hiyohiyo zilipofungwa. Ikishindikana kupata kasta hiyo kwa bolti za kamu, zipo amu za juu zilizotengenezwa kwa gari zilizonyanyuliwa, boljointi yake ikiwa imesogezwa nyuma.

Tahadhari ya huku: bolti hizo za kamu hugandana na bomba la ndani la bushi kwa sababu ya chumvi, hasa kwa gari inayoshuka ufukweni. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na tena asubuhi yake. Fundi akilazimisha kwa bomba refu, bolti inazunguka na bushi inapasuka, halafu kinachobaki ni kukata. Zikishatoka, zipake grisi kwenye shina kabla ya kurudisha. Anayeishi Nungwi au Paje na kupaki mita chache kutoka pwani afanye hivyo kila alaimenti.

Mtetemeko wa chini, usukani umetulia

Ukiusikia kwenye sakafu na kiti, na unabadilika ukikanyaga au kuachia mafuta, tairi hazihusiki. Ni propela shafti, mti unaopeleka nguvu kwenye difu. Nyuma ikinyanyuliwa, pembe za krosi, yaani viungo vyake, hubadilika. Ukisikika wakati wa kuondoka tu, hasa ukiwa na mzigo, angalia senta beringi inayoshika propela katikati. Kuishusha kwa spesa ya milimita 10 hadi 15 mara nyingi kunatosha. Ukisikika kwenye mwendo wa barabarani, pima pembe ya uso wa giaboksi na ya difu: kwenye propela ya kawaida zinatakiwa ziwe sambamba, na kabari za chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha digrii mbili au tatu. Usitumie kabari za alumini zinazopasuka.

Hapa ndipo sheko ndefu (vishikizo vya ncha ya springi) zinapoleta lawama. Sheko ikiongezwa urefu wa milimita 50, gari inanyanyuka 25 tu, lakini difu inazungushwa. Jani la ziada lililopangwa vizuri ni bora kuliko sheko ndefu, na sheko ndefu ni bora kuliko kizibo cha kuweka kati ya ekseli na springi kwa gari inayobeba mzigo kweli.

Mpira wa siivii unachanika, au unasikia tak-tak kwenye kona

Kwa gari yenye mbele huru (isiyo na ekseli nzima mbele), milimita 50 ndiyo mpaka wa busara. Ukipita hapo siivii, kiungo cha shafti ya tairi ya mbele, inafanya kazi kwenye pembe kali muda wote, mikunjo ya mpira wake inasuguana, grisi inatoka, mchanga unaingia. Tak-tak ikishaanza, grisi mpya haitairudisha. Kama mpira umechanika lakini hakuna sauti bado, osha, weka grisi ya siivii na mpira mpya wiki hiyohiyo. Kushusha difu ya mbele kwa vipande vya milimita 20 hadi 25 kunapunguza pembe. Nyanyua mbele tairi zining'inie, kisha hakikisha amu ya juu haigusi koili na boljointi haijafika mwisho wa mwendo wake. Ikigota hapo, kila tuta litakuwa nyundo juu ya boljointi.

Breki zimekuwa ndefu au nzito

Sehemu ya hili ni ya kawaida: tairi ya kipenyo kikubwa inahitaji nguvu zaidi kuisimamisha, na 285/70R17 ya kazi nzito inaweza kuzidi tairi ya asili kwa kilo 6 hadi 10 kila moja. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kisasa wa breki zina valvu nyuma, juu ya ekseli, yenye fimbo inayopima bodi ilivyokaa. Mzigo ukiwa mkubwa bodi inashuka, na valvu inaruhusu breki zaidi nyuma. Ukinyanyua nyuma milimita 50, valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa na tani moja ya saruji, na inanyima breki za nyuma. Mbele inafanya kazi yote, inachemka, pedi zinaisha upesi. Dawa ni kuinua kishikizo cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile cha kunyanyua, ili fimbo irudi kwenye pembe yake ya zamani. Usiifunge kwa waya ikae juu moja kwa moja: gari ikiwa tupu kwenye lami yenye mvua, nyuma itajifunga na kuteleza.

Angalia mipira ya breki ekseli ikiwa imening'inia na usukani umekatwa mpaka mwisho. Ikikazana kama uzi, shusha kishikizo chake au weka mirefu zaidi. Waya za sensa za tairi zikaguliwe hapohapo. Mpira wa breki uliovutwa haupasuki gereji. Unapasuka siku tairi imeingia shimoni.

Gari imepoteza nguvu, mita inadanganya

Kutoka 776 kwenda 831 ni ongezeko la asilimia 7. Mita ikionyesha 80, gari iko karibu na 86 kwa hesabu ya tairi peke yake. Ikionyesha umekwenda kilomita 100, umekwenda 107, kwa hiyo anayepima mafuta kwa mita ya zamani ataona ulaji umeongezeka kuliko ulivyo. Kwa 265/70R17 tofauti ni asilimia 3.4, ambayo watu wengi hawaisikii.

Nguvu inayofika chini nayo inapungua kwa asilimia hiyohiyo 7. Difu yenye uwiano wa 4.1 inakuwa kama 3.83. Kwenye barabara tambarare ya Fumba hutaona kitu. Vilima vya kati ya Chake Chake na Mkoani, ukiwa umepakia, utalazimika kushuka gia moja mapema. Shuka. Anayeng'ang'ania gia ya juu na kucheza na klachi anaichoma klachi, kisha anasema injini imechoka. Mahali pa kupanda polepole kwenye udongo, tumia 4L, yaani gia za chini za magurudumu manne. Ikiwa gari inabeba mzigo kila siku na nguvu haitoshi, tiba ya kweli ni kubadilisha meno ya difu, na kwa gari ya magurudumu manne yabadilishwe ya mbele na nyuma kwa pamoja.

Jambo la spea linaingia hapa. Spea ya zamani yenye kipenyo kidogo isifungwe mbele wala nyuma huku 4x4 imeingizwa. Tofauti ya kipenyo itapigana ndani ya giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukilazimika, ifunge kwa muda, tumia magurudumu mawili tu, mwendo mdogo. Na 285/70R17 isipokaa chini ya boksi bila kugusa eksozi au difu, tafuta mahali pengine pa kuiweka kabla hujaondoka mjini.

Nati zinalegea, stadi zinakatika

Ringi mpya hukaa upya baada ya kutembea. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100, bila kukosa. Kwa Hilux nguvu ni karibu Nm 105 hadi 115. Tumia spana ya kipimo, kaza kwa mtindo wa nyota, na mara ya mwisho tairi ikiwa imegusa chini kidogo. Bunduki ya upepo ikaze mwanzo tu. Stadi nyingi zinazokatika zilishavutwa kupita kiasi na bunduki miezi kabla.

Uso wa habu ukwanguliwe kutu mpaka chuma king'ae, kisha upakwe grisi nyembamba isiyofika kwenye koni za nati. Stadi zisipakwe grisi: nati inateleza, kipimo kilekile kinavuta stadi zaidi ya inavyostahili.

Spesa za kusukuma ringi nje ni za kuepukwa. Anayezihitaji atumie zile zenye stadi zake zenyewe, zinazokaa kwenye habu na zenye shingo ya kukamata tundu la ringi. Vipande bapa vinavyowekwa nyuma ya ringi bila stadi ndefu vinaacha nati imeshika nyuzi chache tu. Hesabu: nati ya Hilux ina uzi wa milimita 1.5, na inatakiwa izunguke angalau mara nane tangu iliposhika kwa mkono mpaka kukaza. Ikizunguka mara nne, toa spesa hiyo. Kumbuka pia kwamba ringi iliyosukumwa nje milimita 30 inaongeza mzigo kwenye beringi za habu. Ngurumo inayoongezeka na mwendo na kubadilika ukiyumba kona ndiyo sauti yake.

Upepo unapungua, tairi zinaliwa vibaya

Upepo ukipungua PSI 3 au 4 kila wiki bila msumari, paka maji ya sabuni pale tairi inapokutana na ringi. Aloi inayooshwa na maji ya chumvi inatoa unga mweupe hapo na upepo unapita. Fundi pancha aitoe tairi, asugue sehemu hiyo kwa brashi ya waya laini, apake silanti ya ukingo. Kuongeza upepo tu ni kuahirisha.

Kwa lami, anzia PSI 33 hadi 36 mbele na 32 nyuma ukiwa mtupu. Ukiwa na tani moja nyuma, 45 hadi 50 kwa tairi za kazi nzito, bila kuvuka kilichoandikwa ubavuni. Chora mstari wa chaki kwa upana wa tairi, tembea mita mia moja kwa kunyooka: chaki ikifutika kati peke yake, upepo umezidi, ikifutika mabega peke yake, umepungua. Mchangani shuka mpaka 16 au 18 na ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Uwandani, kwenye mawe ya matumbawe ya Jambiani au Makunduchi, usishuke kiasi hicho. Tairi iliyolegea inatoa tumbo pembeni, na jiwe linakata palepale penye ukuta mwembamba, mahali ambapo pancha haizibiki. Kaa kwenye 26 hadi 28, mwendo wa mtu anayetembea haraka.

Ukinunua tairi zilizotumika, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nene haina maana kama kuta zina nyufa ndogondogo, hasa kwa tairi itakayoshushwa upepo mchangani na kupanda mawe siku hiyohiyo.